Kutoka Windows kwenda Linux bila kuharibu kazi: mwongozo kwa mtumiaji wa kompyuta wa Mwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na tangu hapo swali ambalo wateja huniletea Kirumba limebadilika. Zamani mtu aliweka kompyuta mezani na kusema "nipigie Windows". Siku hizi anauliza kama kompyuta yenyewe bado inafaa. Nyingi ni zile za mtumba tulizozizoea mjini, kama HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 au ThinkPad T460. Ni mashine imara, lakini prosesa zake za Intel ni za kizazi cha sita, ilhali Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Zipo mbinu za kuilazimisha iingie, ila Microsoft yenyewe haitoi uhakika kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Linux ni mfumo endeshi wa bure, na kuhamia huko kunawezekana kabisa kwa mtu asiye fundi. Nimewahamisha walimu, makarani na wanafunzi ambao leo hawana habari tena na Windows. Nimewazuia wengine wasihame, nao walikuwa na haki ya kuzuiwa, kwa sababu kinachoamua ni kazi unazozifanya kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi na vifaa unavyovichomeka kwenye mashine yako. Hatua zifuatazo zimepangwa ili jambo hilo ulijue mapema, kabla hujafuta chochote.

Hatua ya kwanza: andika kazi zako za wiki nzima

Chukua daftari, na kwa siku saba, kila unapofungua programu, andika jina lake na ulichokifanya nayo. Usitegemee kumbukumbu, kwa kuwa programu inayokuja kukwamisha mtu ni ile anayoifungua mara moja kwa wiki au mara moja kwa mwezi.

Orodha ikikamilika, utaona kwamba sehemu kubwa ni kazi za kivinjari: barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, matokeo ya NECTA, maombi ya mkopo HESLB, nafasi za kazi kwenye Ajira Portal, usajili wa BRELA, tovuti ya TRA. Kazi hizi hazijali mfumo endeshi, kwani Firefox na Chrome zipo kwenye Linux kama zilivyo kwenye Windows. Fungu la pili ni kazi zenye programu mbadala, yaani barua, mitihani, lahajedwali, kusoma PDF, kutazama video na kupunguza picha. Hapa LibreOffice, VLC na GIMP zinatosha kwa watu wengi, na programu hizi hazina malipo.

Fungu la tatu ndilo la kulichunguza kwa makini. TallyPrime, QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta, CorelDRAW na Photoshop kwa sasa hazina toleo la Linux. Ipo programu iitwayo Wine ambayo huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na wakati mwingine hufanya vizuri, lakini sijawahi kumshauri mtu aweke mshahara wake juu yake. Kama unachapa fulana na mabango kwa CorelDRAW, kompyuta hiyo iache ilivyo. Wenye steshenari wanaotengeneza kadi za harusi kwa Microsoft Publisher wao wana hali ya peke yao, maana Microsoft imetangaza kwamba Publisher itafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo watalazimika kutafuta programu nyingine hata wakibaki Windows.

Mfano mmoja ulinifunza kuuliza zaidi ya majina ya programu. Mama mmoja anayetunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni aliniambia anatumia Excel tu, na nikaona kazi ni nyepesi. Nilipofungua faili lake kwenye LibreOffice, namba zote zilikuwepo: magunia yaliyoshuka kutoka Ukerewe, gharama ya wabebaji, nauli ya lori. Lakini juu ya ukurasa kulikuwa na kitufe cha kijani, na alipokibofya ili kipange deni la kila mteja kama alivyozoea, lilitokea onyo la makosa na mistari ikabaki vilevile. Kitufe kile kilikuwa makro, programu ndogo iliyoandikwa ndani ya Excel, na LibreOffice huzielewa makro hizo kwa sehemu tu. Nilimwambia, "Mama, wewe baki ulipo mpaka tuandike upya hesabu hii." Kwa hiyo katika daftari lako usiishie kuandika "Excel", andika kama kuna vitufe, na kama faili linatumwa na kurudishwa na mtu mwingine.

Hatua ya pili: badilisha programu kabla ya kubadilisha mfumo

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa ya maana kuliko zote. LibreOffice, Firefox, VLC na GIMP zinapatikana pia kwa Windows. Zisakinishe huko huko uliko, kisha fanya kazi zako zote kwa programu hizo kwa wiki mbili. Ukishindwa, hujapoteza kitu. Ukiweza, siku ya kuhamia Linux utakutana na programu zile zile ulizokwisha kuzizoea, na kigeni kitakuwa menyu na mpangilio wa skrini tu. Wala programu za aina hii si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice imezaliwa kutokana na OpenOffice hiyo hiyo.

Katika wiki hizo mbili, angalia zaidi nyaraka zenye picha na majedwali. Mwalimu mmoja wa Baiolojia kule Igoma alifungua mtihani wake wa kurasa nne kwenye LibreOffice, ukageuka kurasa tano. Mchoro wa moyo wa swali la saba ulikuwa umesogea chini kidogo, ukasukuma maneno, na mstari mmoja wa mwisho ukaangukia ukurasa mpya. Kwa wanafunzi 300, mstari ule ungekula karatasi 300 za ziada, zaidi ya nusu ya rimu. Tiba yake ilichukua dakika moja: kubofya mchoro kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua ushikizwe kama herufi ili utembee pamoja na maneno, kisha kuhifadhi nakala ya PDF kwa ajili ya kuchapa. Kwa kawaida herufi hazina shida kubwa, kwa kuwa LibreOffice huja na fonti za Liberation Serif na Carlito zenye upana sawasawa na Times New Roman na Calibri.

Jizoeze kanuni hii mapema: waraka wa kuchapwa au kusomwa utume kama PDF, waraka ambao mwenzako ataendelea kuuhariri uhifadhi kama DOCX.

Hatua ya tatu: weka nakala ya kila kitu, kisha uifungue

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ukikumbuka folda za Desktop, Documents, Downloads na Pictures pamoja na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Baada ya kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kumi hivi kutoka folda mbalimbali, kwa sababu nakala ambayo haijafunguliwa si nakala ya kuaminika. Fleshi za bei ya chini zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa wakati mwingine zina nafasi ndogo sana kwa ndani, nazo hupokea mafaili bila kulalamika na kuyaharibu kimyakimya.

Kama kompyuta yako inatumia BitLocker, yaani ufungaji wa diski wa Windows, andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48. Mabadiliko kwenye mipangilio ya kuwasha mashine yanaweza kuifanya Windows iudai, na bila huo hutaingia.

Hatua ya nne: pakua Linux na uihakikishe

Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint, kwa sababu menyu yake iko chini kushoto kama mtu wa Windows alivyozoea, na kwa sababu toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi mwaka 2029. Limejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na msemaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo mara moja, kwani ni utu wetu ule ule. Ukiwa na RAM ya GB 8 au zaidi chukua Mint ya Cinnamon. Ukiwa na GB 4 chukua ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Kama mashine bado ina diski ya zamani inayozunguka, tia kwanza SSD, yaani diski isiyozunguka. Badiliko hilo peke yake utalihisi kuliko badiliko la mfumo.

Faili la kupakua lina karibu GB 3, basi tafuta bando la usiku au Wi-Fi ya kazini. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kufika likiwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Ili kulihakikisha, fungua dirisha la amri la Windows mahali lilipo faili, andika certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, kisha linganisha mfuatano wa herufi utakaopata na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Faili likiwa salama, liandike kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama wimbo hakutoshi, na fahamu kwamba kila kilichokuwemo kwenye fleshi hiyo kitafutika.

Hatua ya tano: ijaribu bila kusakinisha

Zima kompyuta, chomeka fleshi, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwashia. Kwenye HP nyingi ni F9. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Chagua fleshi, na baada ya muda Linux Mint itafunguka kamili, huku Windows yako ikiwa haijaguswa. Itakuwa nzito kiasi kwa sababu inasomwa kutoka kwenye fleshi, na uzito huo usiutumie kuihukumu.

Hapa ndipo vifaa vinapojieleza, na ningependa uipe hatua hii jioni nzima. Unganisha Wi-Fi ya nyumbani. Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kipengele cha kugawa intaneti. Karibu mara zote hukubali bila kusakinisha chochote. Cheza video na usikilize sauti, washa kamera, punguza na kuongeza mwanga wa skrini, funika kompyuta kisha uifunue uone kama inaamka. Printa ndiyo ya kubeba hadi mezani: HP nyingi hutambuliwa zenyewe, lakini zipo printa za kampuni nyingine ambazo huchapa bila kuskani, au haziitiki kabisa mpaka utafute draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Baadhi ya kompyuta zenye kadi ya Wi-Fi ya Broadcom nazo hazitaona mtandao wowote mwanzoni. Draiva yake hupatikana kwa kuunganisha intaneti ya simu kwa waya na kufungua Driver Manager.

Kifaa unachokihitaji kwa kazi kikikataa jioni hiyo, na ukikosa tiba, toa fleshi, washa upya, rudi Windows. Umetumia bando la GB 3 tu.

Hatua ya sita: sakinisha kando ya Windows

Usifute Windows siku ya kwanza. Ingia Windows, fungua Disk Management, upunguze sehemu ya C ili upate nafasi tupu ya GB 60 hadi 100. Kisha fungua Control Panel, sehemu ya nishati, uzime Fast Startup. Hili la pili nililipuuza kwenye kompyuta ya karani mmoja wa Nyegezi, na kesho yake akanipigia simu kwamba anaona mafaili yake yote ya upande wa Windows lakini kila akihifadhi anaambiwa hana ruhusa. Fast Startup huifanya Windows isizime kabisa. Huilaza, na Linux ikikuta diski iliyolazwa huifungua kwa kusoma tu ili isiiharibu. Karani alipoteza nusu siku ya kazi kwa sababu yangu, na tangu hapo jambo hilo nalifanya kabla ya mengine yote.

Washa tena kutoka kwenye fleshi, bofya alama ya kusakinisha, weka tiki kwenye kisanduku cha kodeki, yaani programu ndogo za kuchezesha sauti na video, na ukiulizwa aina ya usakinishaji chagua ile ya kuweka Linux sambamba na Windows. Soma sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa chaguo la kufuta diski nzima liko jirani nayo. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, unaweza kupoteza pande zote mbili.

Baadaye utaona saa ya Windows imerudi nyuma kwa saa tatu. Linux huiweka saa ya mashine katika majira ya dunia, na Windows huisoma kama saa ya hapa, nasi tuko mbele kwa saa tatu kamili. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, na tatizo litakwisha.

Hatua ya saba: siku za kwanza

Fungua Update Manager upate masasisho, ukijua kwamba ya mara ya kwanza hula bando kubwa. Mint haitakulazimisha kuwasha upya katikati ya kazi, kwa hiyo subiri siku yenye intaneti nzuri, ila usiahirishe kwa miezi. Kisha washa Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili uweze kuurudisha ukiharibika. Haihifadhi mafaili yako binafsi isipokuwa ukiiagiza, kwa hiyo haichukui nafasi ya diski ya nje. Unapoongeza programu kupitia Software Manager, ukiona programu moja inapatikana kwa namna mbili, chagua ya mfumo wenyewe badala ya Flatpak, yaani ile inayokuja na mahitaji yake yote, kama unatumia bando, kwa sababu Flatpak ya kwanza huvuta pamoja nayo mamia ya megabaiti.

Usipakue programu za Windows zinazoishia na .exe ukitarajia zifunguke. Mazoea hayo ndiyo yanayowasumbua wengi wiki ya kwanza.

Faida moja utaiona siku utakayotoka steshenari. Unachomeka fleshi, na pale palipokuwa na folda zako pana shotikati zenye majina yale yale. Hiyo ni kazi ya kirusi, ambacho huzificha folda za kweli na kuweka shotikati zinazokisambaza pindi zinapobofywa. Kwenye Linux folda zako za kweli huonekana kando ya mafaili yanayoishia na .lnk, mara nyingine zikiwa zimewekwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili kazi yako kwenye kompyuta, ifungue uhakikishe, kisha ifute fleshi nzima kwa kuiformati. Usimpe mwenzako wa Windows fleshi hiyo kabla ya kuisafisha, kwani kirusi kisichokudhuru wewe bado kitamdhuru yeye.

Hatua ya nane: amua baada ya mwezi

Kwa siku 30, kila unapolazimika kuwasha upande wa Windows, andika tarehe na sababu kwenye daftari lile lile la mwanzo. Yule mwalimu wa Igoma alirudi mara tatu: mara mbili katika wiki ya kwanza kwa sababu ya mazoea, na mara moja kwa ajili ya faili la ratiba lililotoka kwa mwenzake. Mara ya nne haikutokea, na mwezi wa tatu tukaiondoa Windows. Ukikuta umerudi kila Ijumaa kwa sababu ile ile, acha mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Watu wengi huishi hivyo miaka na miaka.

Ukiamua kuifuta Windows, weka kwanza nakala mpya ya mafaili yaliyobaki upande huo. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya kiwandani mara nyingi imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo ukija kuiuza kompyuta na mnunuzi akataka Windows, toleo lile lile linaweza kusakinishwa tena bila kununua ufunguo mpya. Fleshi ya Linux Mint usiiformati. Iweke jina, iweke kwenye droo, kwa sababu siku diski itakapokataa kuwaka, utaiwasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo na kuyatoa mafaili yako.